Ini la kuoteshwa maabara: tuuze shamba la mikarafuu?

Wa_Wete: Asalaam alaykum. Kaka yangu homa ya ini B imemla ini. Tumbo limejaa maji, macho manjano. Madaktari wanasema apandikizwe. Kuna wakala anasema India wanaotesha ini maabara kwa seli za mgonjwa mwenyewe, hahitajiki mtu wa kutoa. Anataka fedha. Tuuze shamba la urithi? Usingizi sina.

BiMkubwa_Mkoani: Pole mwanangu. Sie tuliuza letu baba alipougua figo. Leo msimu ukifika twachuma karafuu za watu kwa pishi.

Darajani_Mjini: Mikarafuu mingapi? Ipo karibu na barabara?

Dokta_Mtaani: Ini zima la kuoteshwa halijapandikizwa kwa mtu popote. Mtafiti Takanori Takebe na wenzake, Yokohama, Japani, mwaka 2013 waliotesha vichipukizi vya ini kwa seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka aina nyingine), wakavipandikiza kwa panya. Ugumu ni mishipa ya damu: nyama ikiwa nene bila ya mishipa, seli za ndani hufa. Kinachofanyika India ni ndugu aliye hai kukatwa kipande. Ini la mtoaji hukua tena, na kile kipande hukua kwa mgonjwa. Nyumbani nani kapimwa?

Wa_Wete: Suali langu ni shamba.

Dokta_Mtaani: Nani kapimwa?

Wa_Wete: Mie. Nimefaa. Lakini mke wangu mjamzito, na mama kanikataza. Nikifia mezani nani atawalea? Na wakala nshampa nusu. Ana ofisi, watu wanamjua. Msimwite mwizi hamjamuona.

Ustadhi_Chake: Kuokoa nafsi ni jambo kubwa, ami. Ndugu wa tumbo moja humuachii wakala.

Paje_Mwamba: Hebu subirini. Mwanzo mtoaji hahitajiki, sasa mtoaji ni yeye. Shamba la urithi, warithi wengine wako wapi? Huyu ndiye wakala mwenyewe, anatangaza biashara.

Darajani_Mjini: Kweli! Jioni ataweka namba ya simu.

Wa_Wete: Wallahi sitangazi. Warithi ni sisi wawili na mama. Wakala gani angekaa hapa asikilize haya?

Dokta_Mtaani: Awe nani awe, anayesoma asilipe. Wa_Wete, mtake jina la hospitali, uwapigie mwenyewe. Kutoa ini kuna hatari ya kweli, na kukataa ni haki yako. Ila amua ukijua kwamba hilo la maabara halipo. Kaka anatumia tenofova, dawa ya virusi vya homa ya ini B?

Wa_Wete: Anameza kila siku. Jina nimemtaka. Kasoma, hajajibu.

BiMkubwa_Mkoani: Na huyo mjamzito kapimwa homa ya ini? Mpeleke kliniki, na mtoto akizaliwa achanjwe mapema.