Tupeane uzoefu: wanaopenda kukaa kando ya bwawa kuangalia wanyama tukutane hapa

Mleta mada: Wakuu habari za Jumapili. Niko huku Minnesota na starehe yangu siku hizi haina hata kiingilio, nikitoka job napitia bwawa moja nyuma ya apatimenti zetu nakaa tu kuangalia biva. Kwa wasiomjua, ni wa jamii ya panya ila mkubwa, anaweza kufika kilo 30, mkia bapa, meno ya mbele rangi ya chungwa kabisa sababu yana madini ya chuma. Kwa meno hayo hayo anaangusha mti, anaburuza matawi majini, anaziba mkondo na matope mpaka maji yanajaa, yaani lile bwawa lenyewe kalitengeneza yeye. Usiende mchana, nenda jua likizama. Utaona maji yanachanika mstari mmoja, kichwa tu ndo kiko juu, mara huyo kapanda ukingoni kashika kitawi kwa mikono miwili anakizungusha anaguguna ganda, krrr krrr unasikia kabisa. Ole wako ukohoe. Anapiga mkia majini paaa, wote wanazama na jioni yako imeishia hapo. Haya nyie mnaona nini huko?

Mdau, Morogoro: Mkuu mimi viboko, Mikumi. Watu wanakimbilia simba, wakifika bwawa la viboko wanapiga picha mbili wanaondoka, wanakosa utamu wote. Kaa hapo utulie. Unaona maji matupu, baada ya dakika chache pua zinatokea zinapuliza, masikio yanajikung'uta, akianza mmoja kukoroma wanadakia wengine bwawa zima. Na jamaa hata akiwa usingizini anapanda kuvuta pumzi na kushuka tena bila kuamka, mimi hilo huwa linanimaliza.

Mdau, Shinyanga: Hao biva wasijisifu sana 😂 kwetu kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe yupo fundi chuma. Ndege wa kahawia wa kawaida tu, kisogo kimechongoka kama nyundo, lakini nenda kaangalie kiota chake, kinafika mita moja na nusu, matawi juu ya matawi, ndani kimepigwa lipu ya tope, mlango uko chini. Wanajenga dume na jike, halafu wanaokoteza vitambaa, mifupa, mifuko ya plastiki wanapachika juu, sijui ndo mapambo. Bibi alikuwa hataki kabisa tukiguse.

Mdau, Arusha: Ziwa Duluti, hapa Tengeru. Nenda asubuhi, zunguka kwa mguu. Kenge wanaota jua, mdiria anajirusha majini anatoka na samaki. Swali kwa mleta mada, huko barafu ikifunga bwawa biva wanaenda wapi, wanalala mpaka joto lirudi?

Mleta mada: Hawalali mkuu. Kabla ya baridi wanachomeka matawi mabichi chini kwenye tope, na mlango wa nyumba yao uko ndani ya maji, kwahiyo juu pameganda wao wanatoka kwa chini wanachukua msosi wanarudi kulia ndani. Shinyanga, weka picha ya kiota basi, maelezo peke yake hayatoshi.