Aliyetunga ile "orodha sahihi" ya kusoma komiki za Batman za Grant Morrison ajitokeze, kaniharibia miezi 3

Wakuu salama? Mi siko salama. Naandika kwa hasira, mkiona herufi zimerukwa mjue ni simu, kioo kimepasuka upande wa kulia.

Kuna orodha inazunguka kwenye magrupu, kila mtu anaiforwadi kama dawa ya kienyeji, juu imeandikwa kwa herufi kubwa MPANGILIO SAHIHI WA BATMAN YA GRANT MORRISON. Nikaiamini. Nilichokuwa najua ni kwamba huyu Mskoti aliandika Batman kuanzia 2006 mpaka 2013, hadithi moja ndefu ila imetawanywa kwenye majina kibao tofauti, ndo maana mtu unatafuta mpangilio, huwezi kuokota toleo lolote ukaanza tu. Nafungua orodha, wa kwanza kabisa kwenye mstari: The Return of Bruce Wayne. Bruce Wayne ndo Batman mwenyewe, na jina lenyewe linasema karudi. Nilitakiwa nishtuke hapo hapo, mtu anarudi vipi kabla hajaondoka? Ila nikasema wakubwa wanajua.

Jamani. Kurasa za mwanzo ni mapango, watu wa enzi za mawe, katikati yao kuna jibaba halijijui hata jina, linapigwa, linapigana, mara limejifunika ngozi ya popo mkubwa. Toleo la 2 yuko kwa wasaka wachawi wa Kipuritani. La 3 maharamia. La 4 makauboi, farasi na bastola. Mi nimekodoa macho kama mtu aliyeingia msibani asimjue marehemu. Nikajua tatizo ni Kiingereza changu, nikarudia tena toleo la kwanza na kamusi pembeni, wapi.

Kumbe mtunzi wa orodha kapanga kwa miaka ya ndani ya hadithi!! Yaani kwa kuwa enzi za mawe zilitangulia duniani basi na zisomwe kwanza. Akili gani hii mkuu? Ile yote ni JIBU. Swali linaulizwa kwenye Final Crisis ya 2008, lile toleo la 6 Batman anaposimama mbele ya lile adui kubwa Darkseid, na ukurasa wa mwisho wa toleo la 7. We unanipa jibu sina swali, nifanyie nini?

Na hiyo sio mbaya kuliko zote. Kuna Batman and Robin ya 2009, Dick Grayson, aliyekuwa Robin wa kwanza, ndo kavaa joho la Batman na Robin ni Damian, yule mtoto wa Bruce mwenye mdomo. Raha yake ni kwamba mambo yamegeuzwa, Batman anacheka na Robin ndo kanuna, halafu matoleo 3 ya mwanzo kachora Frank Quitely, milipuko yenyewe imechorwa kwa umbo la herufi, moto unakuwa neno. Sasa humo ndani kuna mpelelezi mmoja wa Kiingereza, anaitwa Oberon Sexton, kafunika uso muda wote, unasoma unajiuliza huyu ni nani huyu, mpaka mwisho wa toleo la 12. Mtunzi wa orodha kaandika jina lake halisi KWENYE MABANO. Eti "ili msichanganyikiwe". We ndugu yangu nani alikuambia sitaki kuchanganyikiwa? Hela nimetoa ya kuchanganyikiwa.

Toleo la 666 la Batman nalo kaliweka mwisho kabisa kisa linahusu Gotham ya baadaye, Damian kawa mtu mzima na yeye ndo Batman. Halafu watu wanasifia orodha "ina mantiki". Lile linatakiwa usome ukiwa umemfahamu huyo mtoto juzi tu, bado anakukera, unataka apigwe makofi, ghafla unaonyeshwa atakuwa nini, na kuanzia hapo kila anachofanya unakiangalia kwa jicho lingine. Ukilipeleka mwisho umelichinja, maana Batman Incorporated ya pili, toleo la 5, inarudi kule kule kwenye hiyo Gotham ikijua kabisa kwamba unaikumbuka.

Na hapo kwenye Incorporated ndo pana shimo lingine. Ziko MBILI, jina moja, zote zinaanza na toleo la 1. Ya kwanza ni 2010 mpaka 2011, matoleo 8, halafu inakuja toleo la peke yake, Leviathan Strikes!, halafu 2012 wanaanza kuhesabu upya mpaka 13. Orodha inasema tu "Batman Incorporated 1-13", kwa hiyo mi nikaruka yale 8 yote na Leviathan juu yake. Nikajikuta machinjioni, Batman na Robin wanapigana katikati ya mizoga, na mtoto anaondoka na ng'ombe mwenye baka la popo usoni, anasema kuanzia leo hali nyama. Ng'ombe nilimpenda, siwezi kukataa. Ila sijui adui ni nani, sijui anataka nini, namshangaa ng'ombe.

Sasa ili nisionekane nalalamika tu, hivi ndo ilitakiwa iwe, na ambaye hataki abishe kwa hoja. Unaanza Batman toleo la 655. Ukifika 658 ruka mpaka 663, zile nne za katikati ni za John Ostrander, sina ubaya naye ila sio hadithi hii. 663 yenyewe ni maneno matupu kurasa na kurasa na picha chache, wengi wanaikimbia, vumilia. Kwenye 670 na 671 kuna mambo ya Ra's al Ghul, adui wa Batman na babu yake Damian, yamesambaa mpaka kwenye komiki za waandishi wengine, soma hizo mbili pita zako. Nenda mpaka 681, hapo kile kisa kinachoitwa R.I.P. kimeisha, FUNGA kitabu, chukua Final Crisis ambayo jaladani wala haijisemi kama ni ya Batman, soma mpaka toleo la 5, rudi 682 na 683, ndo umalizie la 6 na la 7. Baada ya hapo Batman and Robin mpaka 12, kisha rudi kwenye Batman 700, 701 na 702, na sio kuzipachika 701 na 702 nyuma ya R.I.P. kama alivyofanya huyu bwana, zilitoka 2010 kwa sababu maalumu, zinajibu kitu ambacho umekaa nacho muda mrefu. Halafu sasa ndo The Return of Bruce Wayne 1 mpaka 5, Batman and Robin 13 mpaka 15, Return ya 6, ndo unamalizia Batman and Robin 16. Hapa hata walionunua zinapotoka waliumia, ile 16 iliingia sokoni kabla ya Return ya 6, watu wakamwona Bruce yuko mzima kabla hawajaona amefikaje. Kisha Incorporated zote mbili kwa kufuatana, na ukikaribia toleo la 8 la ile ya pili usisomee kwenye daladala.

Juzi nimeanza upya na 655. Joker anapigwa risasi ya uso na mtu aliyevaa kama Batman, unapita haraka kuona kinaendelea nini, na pembeni huko ukutani kuna maandishi ya rangi, Zur En Arrh, kama uchafu wa vijana wa mtaani tu. Hakuna anayeyataja. Neno hilo wamelitoa kwenye komiki ya 1958, na mpaka 678 utakuwa unalitafuta kila ukuta. Mi nalijua tayari maana yake, na lenyewe lilikuwa kwenye mabano.

Mtunzi wa orodha, nakusubiri hapa chini.