Naomba ushauri: SIDO au mkopo wa halmashauri kwanza?

Ndugu wanachama, salaam. Nakaanga na kufungasha dagaa hapa Ilemela, Mwanza, mzigo nikiununua mwaloni Kirumba. Jina la biashara nimelisajili BRELA, namba ya mlipakodi ninayo na leseni nimekata, lakini duka kubwa nililopeleka sampuli lilizirudisha kwa sababu pakiti hazina alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), na mimi bado nafunga kwa mshumaa, hivyo kingo hupitisha hewa na dagaa huchacha mapema.

Nikifuatilia alama hiyo, nimeelekezwa nianzie SIDO, shirika la serikali la kuhudumia viwanda vidogo, kwa mafunzo ya usindikaji na barua ya utambulisho, jambo ambalo naliona la busara, ila mkaguzi atataka kuona chumba maalumu cha uzalishaji, nami nakaangia uani. Kukijenga kunahitaji mtaji. Benki niliyoiendea ilidai hati ya nyumba, na mimi ni mpangaji. Umebaki mkopo usio na riba wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambao wanawake na vijana huupata kupitia vikundi. Biashara yangu ni ya mtu mmoja, na kuunda kikundi cha majina tu sikutaki.

Kwa waliopitia njia hii: je, SIDO hukubali mzalishaji atumie majengo yao kwa muda wakati anatafuta eneo lake? Na je, kikundi chenye mkopo wa halmashauri kinaweza kuwa na wanachama wanaoendesha kila mmoja biashara yake, au lazima mradi uwe mmoja?