DVR iko stoo, TV iko sebuleni mita 20: HDMI inakatakata, nifanyeje?

Kibarazani (mwenye uzi)
Habari zenu wakuu. Nyumbani kuna kamera nne za waya, AHD (aina ya kamera zinazotuma picha ya HD kwa waya wa koaksia) za 1080p, zimeungwa kwenye DVR (kisanduku kinachorekodi kamera) iliyokaa stoo. Nataka zionekane kwenye TV ya inchi 32 sebuleni. Nimepitisha HDMI ya kawaida ya mita 20 juu ya dari. Picha inakuja sekunde mbili tatu, inajaa chenga nyeupe, kisha TV inaandika "No Signal". Chumbani kuna Android TV, nayo ningependa ione. Ushauri tafadhali.

FundiSaketi
Mkuu, usinunue kitu kwanza. Beba TV uipeleke stoo, unga na DVR kwa HDMI fupi ya mita moja na nusu. Washa TV, chagua HDMI husika kwa rimoti, ndipo uwashe DVR. Mpangilio huo una maana: DVR huisoma TV kupitia waya huohuo ili kujua inapokea resolusheni (idadi ya nukta za picha) gani, na baadhi hufanya hivyo zinapowaka tu. Zikikuta TV imezimwa hazitoi picha HDMI.

Ikigoma hata hapo stoo, huenda DVR imewekwa kutoa 2K au 4K, na TV nyingi za inchi 32 haziwezi kupokea hiyo. Unga monita ya VGA, ingia menyu, shusha hadi 1280x720, hifadhi, rudi HDMI.

Ikikubali stoo, mchawi ni waya. Hapo pia shusha hadi 1280x720 ya 60Hz, kisha rudisha TV sebuleni ujaribu tena. Picha ya 1080p ya 60Hz hupita kwa kasi ya pikseli milioni 148.5 kwa sekunde, ile ya 720p ni milioni 74.25, yaani nusu. Waya mwembamba ulioshindwa mzigo wa kwanza mara nyingi huubeba wa pili. Rekodi haziguswi: kamera zitaendelea kurekodi 1080p kwenye hadidisiki, unachopunguza ni kinachokwenda kwenye kioo tu.

Mzee wa Stoo
Tafuta HDMI yenye vichwa vya dhahabu, kazi imeisha.

FundiSaketi
Hapana mkuu. Dhahabu inazuia kutu kwenye kichwa, haifupishi mita 20. HDMI ya shaba isiyo na kikuza mawimbi uiamini hadi mita 10, ikiwa nene labda 15. Zaidi ya hapo chukua yenye kikuza mawimbi ndani au ya faiba. Hizo zina upande: kichwa kilichoandikwa Source kinakaa DVR, kilichoandikwa Display kinakaa TV. Ukigeuza hupati kitu, na watu huzirudisha dukani wakidhani ni mbovu. Ya faiba usiikunje kona kali.

Neti_Kavu
Kwa mita 20 mimi napendelea ekstenda ya HDMI kupitia waya wa neti, yaani boksi mbili, moja kila upande. Chukua ya waya mmoja wa Cat6 yenye umeme wake pande zote mbili. Nyingi huandikwa mita 50 au 60 kwa 1080p. Zile za bei ya chini zenye waya mbili na zisizo na adapta achana nazo kwa umbali huo.

Waya uwe shaba tupu, siyo alumini iliyopakwa shaba. Bana vichwa vya RJ45 kwa mpangilio wa rangi wa B (T568B) pande zote mbili. Usiupitishe kwenye ruta wala swichi, uende moja kwa moja kutoka boksi hadi boksi. Na usiulaze kwenye paipu moja na waya wa umeme wa taa. Acha nafasi ya sentimita 20 au 30.

Dada Mitandao
Chumbani huhitaji HDMI kabisa. Unga DVR kwenye ruta kwa waya, ipe IP isiyobadilika, kisha weka VLC (programu ya kuchezea video) kwenye Android TV na ufungue mkondo wa RTSP, yaani picha ya kamera inayopita kwenye mtandao. Kwa Hikvision kamera ya kwanza ni:

rtsp://jina:nywila@192.168.1.64:554/Streaming/Channels/102

Kwa Dahua:

rtsp://jina:nywila@192.168.1.108:554/cam/realmonitor?channel=1&subtype=1

Weka IP ya DVR yako. Hiyo 102 na subtype=1 ni mkondo mdogo; mkubwa ni 101 na subtype=0. Anza na mdogo, na kwenye menyu ya DVR uuweke H.264 (njia ya kubana video), kwa sababu TV za zamani hukwama kwenye H.265 na unaona kioo cheusi huku VLC ikionyesha kuwa inacheza. Nywila yenye alama ya @ inavunja anwani, badala yake andika %40. Tengeneza mtumiaji mwingine wa kutazama tu, nywila ya admin isikae kwenye TV. Picha itachelewa sekunde moja hadi tatu, hilo ni la kawaida. Na tafadhali, usifungue poti 554 kwenda intaneti.

Chogo bado ipo
Samahani kwa kudandia uzi. TV yangu ni ya chogo, ina AV tu. Naweza kuchomeka kamera moja kwa moja?

FundiSaketi
Kamera ya AHD, hapana, AV haielewi mawimbi yake. Ila nyingi zina kitufe kidogo kwenye waya: ukikishikilia upande mmoja kwa sekunde tano hivi inahamia CVBS (mawimbi ya kawaida ya AV), hapo adapta ya BNC (kichwa cha waya wa kamera) kwenda RCA (tundu la AV la TV) inatosha. Kutoka DVR nunua kibadilishi kilichoandikwa HDMI2AV. Kuna kingine kinafanana nacho, AV2HDMI, hicho ni cha kinyume chake. Kipe umeme wa 5V wa USB, swichi yake ya mfumo wa picha iweke PAL. Maandishi ya menyu yatakuwa na ukungu, yavumilie.

Kibarazani
720p imekubali, haikatiki tena! Ila kingo za picha zimekatwa, saa ya juu haionekani. Na kamera ya getini sasa ina mistari inayopanda taratibu, kabla ya kuunga TV haikuwepo.

FundiSaketi
Kingo ni TV inavuta picha. Tafuta ukubwa wa picha: LG ni Just Scan, Samsung ni Screen Fit.

Mistari ni ethi mbili zinazopishana. Chomoa waya wa dishi au antena nyuma ya TV. Ikipotea, umeipata njia. Kama bado ipo, angalia kamera ya getini: ikiwa bodi yake ya chuma imegusa nguzo ya chuma, weka kipande cha plastiki katikati na utumie skrubu zisizopitisha umeme. Ikigoma, weka kitenganishi cha ethi kwenye BNC ya kamera hiyo tu. DVR na TV zikilishwa na soketi za saketi moja tatizo hupungua.

Kibarazani
Sawa mkuu. Na mausi nitaiendeshaje kutoka sebuleni?

Neti_Kavu
Waya wa USB wa kawaida unaishia mita 5, na mausi isiyo na waya haitavuka kuta za stoo. Ipo ekstenda ya HDMI yenye USB ndani, inaitwa KVM. Kama unataka kutazama tu, acha kioo kwenye kamera nne kwa pamoja, na kwenye TV zima kipengele cha kujizima baada ya saa kadhaa bila kuguswa rimoti.