MJADALA: Ziwa Victoria libadilishwe jina, au tuliache lilivyo?

Mleta mada

Wakuu, salaam.

Naona wakati umefika nchi tatu zenye ziwa, yaani Tanzania, Uganda na Kenya, zikae meza moja zilivue jina la Malkia Victoria. Najua wapo watakaosema maji ya bomba hayatoki, samaki wanapungua, halafu huyu anatuletea habari za majina. Nivumilieni.

Agosti 1858 John Hanning Speke, mpelelezi wa Kiingereza, alifika upande wa kusini, pale Mwanza ya leo. Mwenzake Burton alibaki Kazeh, yaani Tabora, akiugua. Habari za ziwa hawakuziota. Walipewa na wafanyabiashara Waarabu wa hapo Kazeh, akiwemo Snay bin Amir, na msafara ulikuwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani hadi India. Kwa hiyo walikuwepo watu waliolijua ziwa, wakajua na njia ya kulifikia, na kila upande ulikuwa na jina lake. Speke alikaa siku chache, hakulizunguka, akaondoka ameshalibatiza.

Na hakuishia yeye. Mwaka 1864 Samuel Baker akafika ziwa la magharibi, akalipa jina la Albert, mume wa malkia aliyekuwa amefariki mwaka 1861. Baadaye Stanley akampa mtoto wao Edward ziwa lake. Mama, baba na mwana, wote wametundikwa juu ya nchi zetu kama picha za familia sebuleni.

Kinachonichekesha ni kwamba Waingereza wenyewe jina hili walikuwa wanaliona la kigeni. Malkia alizaliwa 1819 akabatizwa Alexandrina Victoria: Alexandrina kwa heshima ya mfalme wa Urusi, Victoria la mama yake Mjerumani. Utotoni walimwita Drina. Ilipoonekana atarithi kiti, ikazuka hoja apewe jina lililozoeleka Uingereza, Charlotte au Elizabeth. Hoja ikafa. Ingepita, leo tungebishana kuhusu Ziwa Charlotte.

Wenzetu wameshafanya. Kenya iligeuza Rudolf kuwa Turkana mwaka 1975. Kamerun ilikuwa na mji unaoitwa Victoria, tangu 1982 ni Limbe. Fort Victoria ya Zimbabwe ni Masvingo. Hata Kisumu: reli ilipofika 1901 kituo kiliitwa Port Florence, Florence akiwa mke wa mhandisi Preston. Nani leo anamuulizia Florence?

Pendekezo langu ni Nyanza. Liko Usukumani, liko Kenya, na Speke mwenyewe aliandika "Victoria Nyanza". Tunafuta neno la kwanza tu, kazi imekwisha. Karibuni, ila njooni na hoja.

Mchangiaji wa Homa Bay

Umeanza vizuri ukaharibu mwishoni. Nyanza kwetu ni jina la mkoa wa serikali, tena mkoa wenyewe haupo tangu kaunti zianze mwaka 2013. Wazee wetu wanasema Nam Lolwe, na walisema hivyo kabla baba yake Speke hajazaliwa. Ghuba ya Kavirondo tuliigeuza kuwa Winam bila kumuuliza mtu, maana yote iko ndani ya Kenya. Hilo kubwa ndilo shida.

Mvuvi, Mwanza

Likiitwa Nyanza nyavu zitashuka bei? Huku tunasema "ziwani", basi. Nimetoka ziwani, naenda ziwani. Serikali yenyewe inasema Kanda ya Ziwa, sijasikia Kanda ya Victoria. Victoria kwetu ni meli.

Mchangiaji wa Entebbe

Nawasalimu ndugu zangu. Homa Bay, kaka, na sisi tuna Nalubaale, jina lenye mizizi katika dini ya mababu. Usifikiri tutakubali Lolwe kirahisi, kama nanyi msivyoweza kukubali letu. Hiyo Nyanza nayo ni "ziwa" tu, sisi tunasema nnyanja. Burundi wana mji wa Nyanza-Lac, na uko Ziwa Tanganyika! Mtaandika Ziwa Ziwa kwenye ramani?

Ninachoweza kushuhudia ni kwamba Uganda haijalala. Bwawa la Owen Falls alilofungua Malkia Elizabeth mwaka 1954 leo ni Nalubaale. Mwaka 2025 Mahakama Kuu Kampala iliagiza majina ya wakoloni yaondolewe kwenye barabara za jiji. Lakini tumeonja na upande wa pili. Miaka ya 1970 Ziwa Edward liligeuka Ziwa Idi Amin Dada, na jirani yetu Mobutu akajiwekea lake kwenye Albert. Walipoanguka, maji yakarudi kwa Edward na Albert kimyakimya. Mimi namuogopa malkia aliyekufa 1901 kidogo sana kuliko rais aliye hai mwenye tamaa ya ziwa.

Mleta mada

Entebbe, hiyo ya mwisho nimeikubali, na ndiyo sababu nasema jina litoke kwa nchi zote tatu, lisiwe la mtu. La "Ziwa Ziwa" halinitishi. Nyasa lina asili ya namna hiyohiyo na hakuna mtoto wa Mbamba Bay aliyechanganyikiwa.

Mvuvi, sijasema bei itashuka. Nimesema mwanao akiulizwa darasani nani alilipa ziwa jina, atajibu Speke, na ukimuuliza babu yake aliliitaje, hana la kusema. Hilo halikusumbui?

Mvuvi, Mwanza

Linanisumbua kidogo. Nyavu zinanisumbua zaidi.

Victoria, Bukoba

Na mimi nizungumze, maana mnanisema bila kuniuliza.

Naitwa Victoria, na darasani tulikuwa kadhaa. Huku kila ukoo una Vicky wake. Sikupewa kwa ajili ya malkia. Bibi alinipa la Mtakatifu Victoria, shahidi wa Roma, anayekumbukwa tarehe 23 Desemba. Kabla yake Warumi walikuwa na mungu wao wa kike wa ushindi, jina hilohilo. Malkia alilikuta, kama nilivyolikuta mimi.

Sasa angalieni lilivyosambaa: jimbo zima Australia, mji Kanada, mji mkuu wa Shelisheli ambao tangu uhuru wa 1976 hawajaubadili, kituo cha daladala pale Dar. Tamthilia za kutafsiriwa ndiyo usiseme. Victoria wa humo mara nyingi ni tajiri mwenye roho mbaya, na nikiwa sekondari nilitaniwa mpaka basi. Sikuwahi kufikiri wote hao ni mali ya mwanamke mmoja wa London.

Halafu kuna meli. MV Victoria ilipokarabatiwa na kurudi majini mwaka 2020 iliongezewa "New" mbele na "Hapa Kazi Tu" nyuma. Rais wa wakati huo alikuwa mtoto wa Chato, ziwani hapahapa, na hakuwa mtu wa kuwaogopa wazungu. Victoria ikabaki katikati. Mngejiuliza kwa nini.

Mleta mada

Dada Victoria, heshima yako. Jina lako silipingi, na ulichosema kuhusu mtakatifu ni kweli. Lakini wewe ulipewa na bibi yako, aliyekushika mkononi na kujua wewe ni wa nani. Ziwa lilipewa na mpita njia, na aliandika wazi kwamba ni kwa heshima ya malkia wake, si ya shahidi wa Roma. Miaka 32 baadaye, 1890, Waingereza na Wajerumani walikuwa wanaligawa kwenye karatasi, na huyo Kaiser, yaani mfalme wa Ujerumani, alikuwa mjukuu wa Victoria huyohuyo. Jina lilikuja na mzigo wake.

Kuhusu meli, jibu langu ni fupi: waliona limezoeleka. Rudolf nalo lilikuwa limezoeleka.

Mchangiaji wa Musoma

Nimewasoma wote. Naona mnaruka jambo zito: karatasi. Kuna Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria yenye makao Kisumu, kuna Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria pale Jinja, kuna itifaki ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2003, zote zimebeba jina hilo. Nchi moja ikijitoa peke yake tunarudi kwenye ya Nyasa, ambako wenzetu wanasema Ziwa Malawi na sisi Nyasa. Jina halikuleta mgogoro ule wa mpaka, lakini limeupa bendera.

Na hisa zetu si sawa. Tanzania ina karibu nusu ya ziwa, Uganda zaidi kidogo ya asilimia 40, Kenya asilimia 6. Mkisema tupige kura kwa ukubwa wa maji, Homa Bay hataki. Mkisema kwa historia, Entebbe na Homa Bay hawapatani.

Mimi nasema tuige Zambia na Zimbabwe. Yale maporomoko Livingstone aliyoyapa jina la malkia huyohuyo mwaka 1855, UNESCO iliyaorodhesha 1989 kwa majina mawili, Mosi-oa-Tunya na Victoria, na watalii hawajapotea. Kila nchi iweke jina lake la asili mbele, Victoria likae nyuma mpaka lichoke lenyewe.

Mchangiaji wa Homa Bay

Hiyo naweza kuimeza. Lolwe mbele kwenye vibao vya Kenya, basi mimi sina neno.

Mleta mada

Musoma, umenisogeza, lakini hujanifikisha. Ziwa moja kuwa na majina manne rasmi, moja kwa kila nchi na Victoria likibaki la wote, ina maana jina pekee tunaloshirikiana litakuwa lile la Speke. Hapo umempa zaidi ya alichokuwa nacho.

Victoria, Bukoba

Asante. Nimefurahi kuwa wa wote.

Mchangiaji wa Entebbe

Basi tuanze na dogo: mkutano wa kuchagua jina ufanyike wapi?

Mvuvi, Mwanza

Ukifanyika Kampala mimi siji.