Tupeane uzoefu: kikundi chenu kilipata ruzuku, kisha ikawaje?

MamaMashudu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu.

Mimi ni katibu wa kikundi cha kina mama huku Singida vijijini, mwaka wa tisa sasa. Kila wiki naona mtu anauliza ruzuku za vikundi zinapatikana wapi, na wajuzi wanamwaga majina: balozi, mashirika, mfuko huu na ule. Sawa. Ila sijaona anayeuliza pesa ikishaingia inakuwaje, na mimi mvi zangu nimezipatia hapo. Naanza na yetu.

Tulianza na kikoba cha kawaida, wanawake 23, hisa moja 2,000, kila Alhamisi chini ya mwembe. Sanduku la kufuli tatu, na funguo tuliwapa watu watatu wasioivana sana, makusudi kabisa. Mwaka wa nne binti wa mwenzetu aliyekuwa chuo akatuandikia andiko la mradi. Tukaomba mashine ya kukamua alizeti. Alizeti ya kwetu tulikuwa tunamuuzia mchuuzi kwa lumbesa, halafu tunarudi dukani kununua mafuta kwa chupa ya soda.

Mfadhili akakubali, milioni 11 na laki sita. Siku meseji ya benki ilipoingia kwenye simu ya mhazini, mwenyekiti alipiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani wakajibu.

Mashine ikaja juu ya Fuso. Fundi akaishusha, akaangalia mota, akaangalia waya uliotoka kwenye nguzo, akauliza, "Mama, umeme wenu wa njia ngapi?" Mota ilikuwa inataka njia tatu. Kijiji kizima tuna njia moja. Andiko letu lilikuwa na kurasa 14. Usawa wa kijinsia umo, mabadiliko ya tabianchi yamo, jedwali la vihatarishi limo lenye rangi. Umeme hakuna aliyeuuliza. Na sisi tunaokaa hapa hatukuuliza pia, tuseme kweli.

Miezi 14 mashine imekaa stoo. Kuku walikuwa wanatagia kwenye bakuli la kumiminia mbegu. Tukaandika barua kuomba salio la fungu la mafunzo litununulie injini ya dizeli. Jibu likaja kwamba fungu la mafunzo ni la mafunzo. Basi tukafundishwa ujasiriamali siku mbili kwenye ukumbi wa gesti mjini, mashine ikiwa imelala kijijini. Chakula kilikuwa kizuri, hilo sikatai.

Kilichotutoa ni lile sanduku. Mwaka ule tulikubaliana tusivunje kikoba. Tukachukua milioni 3.4 ya hisa zetu, tukanunua injini ya dizeli iliyotumika, fundi akafunga mkanda, ikanguruma. Wenzetu 9 walitoka, walitaka pesa zao wagawane kama kila Desemba, na walikuwa na haki, pesa ni yao. Tuliwalipa kwa misimu miwili. Wawili wamerudi. Mmoja hanisalimii mpaka leo.

Nauliza: kikundi chenu kilipata nini, pesa ilishikwa na nani, na leo kuna nini cha kushika kwa mkono? Iwe timu, iwe kwaya, iwe ushirika. Nawasilisha.

SitiYaMbele

Nimekaa paleee na kahawa yangu. Wale wa "mradi umekufa ila ripoti ilikuwa nzuri" mje.

MrinaAsali

Dada MamaMashudu umenikumbusha machungu. Mimi niko Sikonge, Tabora. Sisi ni warina asali toka kwa babu zetu, mizinga ya magogo na ya magome. Tulipata ruzuku ya mizinga ya kisasa 60. Nisiwataje wafadhili, walikuwa watu wazuri tu, ila kalenda yao na kalenda ya nyuki hazijawahi kukutana.

Sisi tulisema mapema: mzinga unatundikwa kabla makundi hayajaanza kuhama kutafuta makazi. Ukichelewa, nyuki wameshapata shimo lao kwenye mti, wewe utabaki na sanduku la mbao. Pesa iliidhinishwa, ikasubiri saini, ikasubiri mkataba, ikasubiri mwaka wao wa fedha. Mizinga imefika makundi yameshapita. Halafu kwenye mkataba tunatakiwa tutundike yote 60 ndani ya mwezi, tupige picha, ndipo awamu ya pili itoke. Tukatundika. Picha zilipendeza sana. Msimu ule nyuki waliingia mizinga 11.

Wazee wakaanza kucheka, "mizinga ya kizungu haina nyuki". Si kweli. Mzinga mpya unanuka mbao, lazima upake nta ndani nyuki asikie harufu ya nyumbani. Nta haikuwepo kwenye bajeti! Mizinga ya shilingi milioni kadhaa ipo, nta ya elfu kumi hakuna. Msimu uliofuata tulichanga nta wenyewe, kila mmoja akaleta ya kwake, tukapaka, tukatia grisi kwenye waya za kutundikia ili siafu wasishuke. Tukafika 38. Mitatu nyegere aliibomoa, huyo hana andiko wala mkataba.

Kwenye swali lako la kushika kwa mkono: mizinga 44 bado iko porini. Kikundi tumebaki 8 kati ya 25. Wale 17 wengi walijiunga baada ya kusikia ruzuku, wakaondoka walipogundua kwamba kurina ni usiku na kunauma.

Mtoto wa Mbagala

Oyaa hii mada yetu. Sisi ni klabu ya jogging, Temeke. Wasioijua Dar: Jumapili alfajiri kila mtaa una jogging yake, fulana zake, nyimbo zake, na tukimaliza tunachangiana msiba, ugonjwa, arusi. Kwa hiyo ni kikundi cha kufa na kuzikana, kukimbia ni kisingizio tu.

Uchaguzi ukikaribia ruzuku inakuja yenyewe, huandiki andiko. Anakuja mtu na fulana 100 zenye sura yake, mpira mmoja, na bahasha. Tulipokea mara moja. Bahasha tuliambiwa ina laki tano. Mwenyekiti akasema aliikuta na laki tatu. Aliyeileta anaapa laki tano. Tumekaa vikao vinne kuhusu laki mbili, wana wakagawanyika, sasa kuna jogging mbili mtaa mmoja na tunapishana Jumapili hatupigiani hata salute.

Sheria yetu mpya: mchango wowote unatangazwa kwenye kipaza sauti palepale, mtoaji akiwa amesimama, unahesabiwa mbele ya watu. Mmoja alikasirika akaondoka na bahasha yake. Freshi tu.

Mstaafu wa Kata

Wanangu, nimewasoma. Mimi nimekaa upande wa pili wa meza, Afisa Maendeleo ya Jamii miaka mingi kabla ya kustaafu. Naomba niseme mambo mawili matatu.

Kwanza, tenganisheni ruzuku na mkopo. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, ni mkopo. Hauna riba, na tangu 2018 umo ndani ya sheria, lakini unarudishwa. Nilishaitwa mbaya na vikundi vizima kwa kwenda kudai. "Hiyo si ya serikali? Serikali ni sisi." Marejesho yakawa shida kubwa, vikundi hewa vikaonekana kwenye ripoti za ukaguzi, ndiyo maana Aprili 2023 serikali ilisimamisha utoaji na kuurudisha 2024 kwa utaratibu mpya. Wale waliokuwa wanalipa vizuri nao walisubiri mwaka mzima kwa makosa ya wengine. Iliniuma.

Pili, hivyo vikundi hewa mnavitengeneza nyie nyie. Nilipokea katiba ya kikundi cha ufugaji wa kuku, ukurasa wa tatu imeandikwa "wanachama watauza samaki katika mwalo". Kata yetu haina hata bwawa. Nikamuuliza katibu, akasema stesheneri ndiyo iliyokosea. Nikawauliza wanachama mmoja mmoja wanakutana siku gani. Watu watano, siku tano tofauti.

Mimi nilikuwa siangalii andiko kwanza. Nilikuwa naomba daftari la mahudhurio na daftari la michango. Daftari la kweli lina madoa ya chai, kalamu tofauti tofauti, na kuna mtu amegombana amefutwa jina halafu amerudishwa. Daftari la kuandikwa jana usiku lina mwandiko mmoja na wino mmoja.

MamaMashudu

Mzee wangu shikamoo. Letu lina alama ya kwato ya mbuzi, sijui ungetupa?

Mstaafu wa Kata

Marahaba mwanangu. Ningewapa siku hiyohiyo.

Mdigo wa Kwale

Hamjambo nyote. Niko Kenya, pwani, Kwale. Huku kwetu vikundi vya kina mama hupata msaada wa NGAAF, ile hazina inayopitia kwa wawakilishi wa kike wa kaunti. Na mara nyingi si pesa taslimu, ni vitu. Sisi tulipewa mahema mawili, viti 100 vya plastiki na sufuria kubwa za pilau.

Nami nilidhani ni masihara, viti vyafaa nini? Kumbe harusi na matanga havikosekani. Tulikuwa tukikodi kwa mtu mmoja mjini, sasa tukawa twakodisha wenyewe. Jambo gumu lilikuwa jamaa. Kila mmoja ana shangazi, kila shangazi ana arusi, na hakuna anayetaka kulipa "kwa viti vya serikali". Mwaka wa kwanza viti vilitoka kila wiki na kitabuni hakuna kitu. Viti 100 vikabaki 71, hema moja likapasuka.

Tukakaa tukakubaliana: msiba wa mwanachama ni bure, harusi ya mwanachama ni nusu bei, wengine wote hulipa kabla ya kiti kupanda mkokoteni, hata akiwa ni chifu. Na kiti kikivunjika, aliyekodi hulipa kiti kipya. Makelele yalikuwapo, sitawaficha. Lakini sasa tuna viti 160 na hema la tatu tumelinunua kwa jasho letu.

Mkopo wa Hazina ya Uwezo, ile ya serikali ya kukopesha vikundi, nao tuliwahi kuuchukua, tukalipa. Wajua zile bilioni 6 za kuanzishia zilikuwa zimetengewa duru ya pili ya uchaguzi wa urais 2013? Duru haikufika, zikageuzwa kuwa za vikundi. Huwa nawaambia wenzangu, mkopo wetu ulitoka kwenye pesa za kura.

NinaSwali2

Naomba msaada. Kikundi chetu cha batiki tumeshinda kiruzuku kidogo cha ubalozi, sitaki kusema upi. Wanataka risiti ya mashine kwa kila kitu. Sasa anayetuuzia rangi ni wa gengeni, hana mashine ya EFD. Na wanataka "mchango wa kikundi" asilimia 20. Hatuna pesa hiyo. Tufanyeje?

MamaMashudu

Mwanangu hongera. Usikimbilie risiti ya kununua kwa mtu, tafadhali. Kuna jirani zetu walichukua risiti za duka la vifaa vya ujenzi kwa ajili ya mchele wa semina, ikaonekana kikundi kilikula saruji. Kabla hamjasaini, uliza kwa maandishi: vitu vidogo tukinunua sokoni mtakubali hati ya malipo yenye jina, saini na namba ya simu ya muuzaji? Wengine hukubali mpaka kiwango fulani, na jibu lao mlitunze. Vikubwa nunueni mjini penye mashine hata kama bei imezidi kidogo, na nauli iwekeni kwenye bajeti, sisi nauli tulisahau tukaitoa mfukoni.

Asilimia 20 uliza kama lazima iwe taslimu. Mara nyingi nguvu zenu zinahesabiwa: chumba mnachotumia, siku za kazi, meza, masufuria ya kuchemshia rangi. Yaandike yote kwa bei ya mtaani kwenu. Msizidishe, wanakuja kuangalia.

Na bei za bajeti mlizoandika ni za lini? Kama ni za mwaka jana, nendeni sokoni kesho mkaulize upya kabla hamjasaini. Sisi kati ya andiko na pesa ilipita miezi minane, bati zilizotosha kibanda kizima zikatosha upande mmoja. Upande wa pili ni makuti.

SitiYaMbele

Mama, hujatuambia mashine inakamua au kuku wamerudi?

MamaMashudu

Inakamua. Msimu wa mwaka jana, Juni mpaka Agosti, ilikuwa haipumziki, watu wanatoka vijiji vinne. Tunachukua pesa ya kukamulia, na mashudu asiyeyataka anatuachia, tunawauzia wafugaji wa nguruwe, ndiko jina langu lilikotoka. Mwaka huu kichujio ndicho kinasumbua, mafuta yanatoka na machicha. Mwenye kujua fundi mwaminifu Singida mjini anifuate inbox, msimu umebaki wiki tatu.