Pano juu ya bati au mto Ruzizi: Bukavu tuweke pesa wapi?

Mwalimu, Kadutu

Wakubwa kwa wadogo, nawasalimu. Leo nataka tubishane, ila bila matusi. Siku hizi hapa Bukavu kila mwenye dola kidogo anapanda juu ya bati na kufunga pano, yaani paneli ya umeme wa jua. Jirani akiuliza umeme utarudi lini, anajibiwa, "Nunua pano yako, papa." Jibu hilo linanikera. Pano inatupa mwanga, haitupi moto wa kupikia wala nguvu ya kazi. Hivyo viwili viko mtoni.

Tuutazame mto wenyewe. Mtambo wa umeme wa Ruzizi I unazunguka tangu mwisho wa miaka ya 1950, pale maji ya Kivu yanapotoka ziwani, na uwezo wake haufiki megawati 30. Ruzizi II ya mwaka 1989 ina karibu megawati 44, lakini ni ya nchi tatu: Kongo, Rwanda na Burundi. Mji umepita watu milioni moja, na mashine za zamani ni zile zile. Juu ya hapo tunazikaba koo kwa mikono yetu. Mvua ikinyesha Kadutu, chupa na mifuko iliyotupwa mtaroni inashuka na maji mpaka ziwani, mkondo unaivuta mpaka mlangoni pa bwawa, inaziba vyuma vya kuchuja, turbini inasimama. Kuna watu kazi yao ni kupiga mbizi pale chini na kutoa plastiki kwa mkono. Halafu usiku tunakaa gizani tukiuliza delestaji, huku kukatiwa umeme kwa zamu, inatoka wapi!

Wenye sauti ya kugonga meza za wakubwa ndio wa kwanza kufunga pano. Wakishapata mwanga wao, nani atapeleka kelele?

Mama wa friza, Nyamugo

Mwalimu, kwa heshima yako. Mimi ninauza samaki wa friza. Umeme ukikatika siku mbili, samaki wananuka, na mteja hanunui hotuba ya mto. Nikingoja mpaka Kadutu nzima iache kutupa chupa, wanangu watakula nini?

Na mwanga unaoudharau si kitu kidogo. Sisi nyumba zetu za mbao zimebanana ukuta kwa ukuta. Mshumaa mmoja ukianguka, au nyaya zile zinazopita juu ya vichwa kama nguo zilizoanikwa zikigusana, avenyu nzima inaungua. Taa ndogo ya jua haijawahi kunitia hofu hiyo. Hapo ninasimama upande wa pano, kabisa.

Fundi wa pano, Ibanda

Niseme mapema: mimi ninauza pano, kwa hiyo nisikilizeni mkijua hivyo.

Mwalimu ana haki kwenye suala la moto. Pano ya wati 200, ukiipa saa nne za jua zuri, inatoa wati-saa 800. Toa robo inayopotea kwenye nyaya, batri na konvertisa (mashine ya kugeuza umeme wa batri uwe wa nyumbani), unabaki na 600. Resho, jiko la umeme, ya wati 1,500 inazimaliza kwa dakika 24. Maharagwe yanataka saa mbili. Na hizo saa nne za jua msizihesabu mwezi wa Novemba. Mvua yetu inaanza Septemba na kutuacha Mei.

Lakini watu wengi wanakosea mahali pengine, kwenye batri. Pano siku hizi si ghali tena. Batri ndiyo inayokula pesa. Chukua batri ya asidi, volti 12, ampea-saa 100. Ndani mna wati-saa 1,200, ila ukiimaliza yote kila usiku inakufa haraka, basi tumia nusu. Ikikaa miaka miwili, imekupa kama kilowati-saa 440. Tuseme uliinunua dola 150: kila kilowati-saa imekutoka senti 34, na hapo bado hatujagusa bei ya pano. Sasa chukua ya litiamu ya ukubwa ule ule. Hiyo unaweza kuitumia karibu yote, na nzuri inavumilia kujazwa na kumalizwa mara 3,000. Hata ikiwa dola 300, unaangukia kwenye senti 10. Bei ni za mfano, wekeni za duka lenu. Hesabu haibadiliki sana.

Kwa hiyo maskini ananunua umeme wa jua ghali mara tatu kuliko tajiri, kwa sababu dola 300 hana kwa mpigo mmoja. Benki zilipofunga milango Februari 2025, hata mwenye mshahara alikosa pa kukopa. Imebaki likelemba, mchango wa kupokezana kwa zamu.

Mpangaji, Panzi

Mnazungumza kana kwamba kila mtu ana bati lake. Mimi niko kwenye nyumba ya mtu. Nikitoboa bati, ninalipa bati. Nikihama, pano inabaki au ugomvi unabaki. Na mwenye nyumba akifunga yeye, mwezi unaofuata kodi inapanda.

Mchomeleaji, Bagira

Mashine yangu ikianza inavuta kama kilowati tano. Fundi akanipigie hesabu ya batri ya hiyo, halafu aniambie mlango mmoja wa chuma niuuze bei gani. Umeme ukikosekana ninawasha jenereta, na petroli ndiyo inayobeba faida. Vijana wawili wanaonisaidia ninawarudisha nyumbani saa nne asubuhi. Mimi niko na Mwalimu: bila mto hakuna kazi Bagira. Ila Mwalimu naye asitulaumu sisi wa chupa peke yetu. Mitaro hiyo nani anaizoa? Tunafanya salongo, kazi ya usafi ya pamoja, tunatoa takataka mtaroni, tunaziacha pembeni kwa sababu hakuna gari la kuzibeba. Mvua inazirudisha.

Mwalimu, Kadutu

Mchomeleaji, hilo la gari ninalikubali. Ndilo hasa ningependa lijadiliwe kabla ya megawati mpya. Gari la takataka ni rahisi kuliko turbini.

Mama wa friza, sikudharau taa. Ninachokataa ni kuigeuza taa kuwa siasa ya umeme. Nyumba iliyofunga mitambo ya dola mia nane bado inanunua gunia la makala (mkaa), na miti ya makala mengine inakatwa ndani ya hifadhi ya Kahuzi-Biega. Pano haijaokoa mti hata mmoja ikiwa jiko halijabadilika.

Kwa Mpangaji: kuna njia ya katikati. Sheria ya tarehe 17 Juni 2014 iliondoa ukiritimba wa SNEL, shirika la umeme la taifa, hivyo kampuni nyingine inaweza kuzalisha na kuuza umeme. Goma walianza: Februari 2020 kampuni ya Nuru iliwasha pale Ndosho mtambo wa jua wa megawati 1.3, wenye batri na jenereta za akiba, unaopeleka umeme nyumba kwa nyumba. Hapo mpangaji hahitaji bati, anahitaji kontere (mita ya umeme) tu. Na ng'ambo ya ziwa letu, mtambo mmoja tu wa Rwanda, KivuWatt, una uwezo wa megawati 26 kwa gesi ya Kivu hiyo hiyo. Nguvu ipo, ila haiji kwa kila mtu kupanda ngazi yake.

Fundi wa pano, Ibanda

Mtambo kama huo, wa pamoja wa avenyu, ninaupenda, na ningeufunga kesho. Tatizo si nyaya. Nyumba ishirini zikichangia batri moja, siku ya tatu kuna mmoja atachomeka pasi usiku. Lazima kila nyumba iwe na kontere yake inayokata yenyewe, na mtu mmoja wa kushika pesa ya kubadili batri miaka kadhaa mbele. Mtambo wa namna hiyo niliwahi kuuona umekufa: batri zilichoka, sanduku la pesa lilikuwa tupu, na pano bado zilikuwa nzima juu ya paa.

Mama wa friza, Nyamugo

Basi tuanzie hapo. Mimi niko tayari kuchanga kila wiki kama ninavyochanga likelemba, na friza yangu ilipe zaidi ya taa za jirani, ni haki. Lakini sanduku alishike nani? Shefu wa avenyu hapana. Mwenye nyumba wangu hapana kabisa.